Milango Iliyotiwa Chaki

Kabla ya kupiga hodi, mdodosaji alilowesha chaki kwa ulimi, akaandika namba juu ya kitasa. Ndivyo alivyofundishwa kazini: mlango wenye namba umeshahesabiwa, usiuhesabu mara mbili. Kwa miezi minne alitia chaki milango mia mbili na kumi na mbili kwenye majengo ya serikali nyuma ya kiwanda cha sabuni, kila mlango anapokaa mtu aliyewahi kufungwa kwa dawa za kulevya. Maswali yalikuwa yale yale. Ulipotoka gerezani ulilala wapi? Uliacha lini? Ulirudia lini?

Mlango wa themanini na nane ulikuwa wa kaka yake.

"Leo umekuja kama mdogo wangu au kama serikali?"

"Kama serikali. Kaa vizuri, kaka."

"Basi serikali ivue viatu. Nimepiga deki."

Huu ulikuwa mwaka wa pili wa kaka nje ya gereza. Kila asubuhi alikwenda kliniki, akanywa kikombe chake cha methadoni, dawa ya kutuliza uraibu, mbele ya muuguzi, akarudi kufungua mlango kwa ufunguo wake mwenyewe. Alipoulizwa nini kimemsaidia asirudie, hakutaja mawaidha ya mtu yeyote. Alinyanyua ufunguo.

"Andika huu."

Akaandika. Hesabu zilipokamilika, ripoti ilisema hivi: katika kila watu mia waliotoka gerezani wakapata chumba na kliniki, waliorudi ndani ni kumi na mmoja. Katika kila mia waliotolewa kwenye vyumba, walirudi sabini na wanne. Kwa hiyo ifutwe kanuni ya kuwatoa waliowahi kufungwa kwenye nyumba za serikali. Mtoto wa darasa la tatu angeelewa.

Mkurugenzi wa sera aliipokea kwa mikono miwili, akapigwa nayo picha. Ilikuwa ripoti ya sita. Ya kwanza ililetwa mwaka ule walipobadilisha viti vya ukumbi. Ya pili ilizuia dirisha lisijifunge. Ya tatu iliazimwa, hadi leo. Ya nne na ya tano zilisema maneno ya ile ya kwanza, na zote mbili zilisifiwa kwa upya wake.

Wiki iliyofuata lori la kitengo cha nyumba lilifika kwenye majengo kuwatoa watu. Vibarua hawakuwa na orodha. Orodha ilikuwa bado inasubiri sahihi. Lakini waliona namba za chaki, zimenyooka, mwandiko wa mtu aliyesoma.

"Aliyetuandalia kazi hii Mungu ambariki," alisema msimamizi wao.

Waling'oa milango tu, kwa kuwa hakuna anayekaa kwenye chumba kisicho na mlango. Mdodosaji alikuja mbio na kitambaa kibichi, afute themanini na nane. Alikuta fremu. Alisimama pale na kitambaa chake mpaka kikakauka.

Jumatatu asubuhi milango yote mia mbili na kumi na mbili ilikuwa kwenye ukuta wa ghorofa ya pili ya wizara, kila mmoja na namba yake ya chaki. Ukumbi haukurefuka, na milango haikubanana. Ukifungua mmoja, unakuta chumba kilekile: kitanda, ndoo, sufuria bado ya moto. Mhudumu wa ofisi alilalamika kwamba ameongezewa vizingiti vya kufuta. Mkurugenzi alitundika koti kwenye kitasa cha arobaini. Watu wa masijala walichukua vyumba saba wakaweka majalada, na mchana mmoja wao alikuwa akijinyoosha kwenye kitanda cha bibi mmoja ambaye sasa alilala kituo cha basi.

Kaka pia alilala kituo cha basi. Kliniki ilitaka anwani, na alipokosa anwani kadi yake ikasimamishwa. Mdogo wake alimpata hapo, ameshakosa dawa.

"Chumba chako kipo wizarani, kaka. Karibu na choo cha wakubwa."

"Ndoo yangu je?"

"Ipo."

Kaka alikwenda wizarani; ufunguo wake uliingia bila shida. Akavua viatu, akajilaza. Walinzi walimkuta hivyo.

"Toka. Hii ni nyumba ya serikali."

"Hata zamani ilikuwa ya serikali," alisema. "Na mlikuwa mkinipigia hodi."

Alishtakiwa kwa kuingia ofisi ya umma bila kibali. Miezi tisa.

Mkurugenzi aliguswa sana na suala la milango, akaagiza utafiti wa saba. Kazi akapewa mdodosaji yuleyule, kwa kuwa alikuwa na uzoefu, naye alianzia gerezani.

Kaka alikaa sakafuni, nyuma ya nondo. Hakuuliza amekuja kama nani.

"Ulirudi kwa kosa gani?" alisoma mdodosaji.

"Kuingia chumbani kwangu."

Kwenye dodoso hapakuwa na kisanduku cha jibu hilo. Akatia alama kwenye "mengineyo", akamhesabu miongoni mwa waliorudi. Kisha akatoa chaki, akailowesha kwa ulimi, mkono ukasita mbele ya bamba la chuma la mlango wa seli.

"Andika tu, dada," alisema askari aliyeshika funguo. "Huu hawaung'oi."