Sisi Tuko Macho

Mdogo wangu hasomi kitu. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi anaalikwa kwenye semina kuwaeleza watu jinsi vitabu na utamaduni vinavyompa mawazo ya kuuza bidhaa. Vitabu gani? Kitabu cha mwisho kukishika alikitumia kuzuia dirisha lisijibamize. Ofisini kwao wanamwita Mbunifu. Mimi nina majina mengine.

Kampuni yake ya matangazo ilipewa kazi ya magodoro, naye akatunga maneno ya mabango: LALA PEMA. Alitaka kitu kifupi, kitamu. Kwenye picha mtu amefunikwa shuka jeupe hadi kidevuni, amefumba macho, mikono kifuani. Mji mzima ulivunjika mbavu. Watu walipita chini ya mabango wakiulizana marehemu ni nani na mazishi saa ngapi. Mabango yakateremshwa. Bosi wake akamwambia kama hajui watu wanasoma nini, wanacheka nini na msibani wanasema nini, atafute kazi nyingine.

Ndipo alipokumbuka kwamba ana mama.

Mama anasoma. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na tangu astaafu hunisomea kwa sauti kila siku baada ya chakula cha mchana, katika chumba changu cha ushonaji hapa nyumbani kwake. Riwaya, ukurasa wa mashairi, hata kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari. Na anagombana na wahusika. "We mjinga, huyo mwanamume usimkubali," anamwambia msichana wa kitabuni, kisha ananitazama mimi kana kwamba ndiye niliyemkubali. Pakifika pa mapenzi nakanyaga cherehani taratibu nisipitwe na neno. Mume sina, mtoto sina. Sauti hiyo ndiyo nyumba yangu.

Mbunifu akaanza kuja mchana. Anakaa kwenye kigoda kati ya vipande vya vitambaa, simu gotini, vidole gumba vinacheza. Mama alifurahi mpaka akawa anachana nywele kabla ya kusoma. Siku moja mke wa kwenye riwaya alifua shati la mumewe huku analia, na mama akasema, "Doa limetoka, kisa kimebaki." Haikupita muda redio ikatangaza sabuni kwa maneno hayohayo. Mama alicheka, akajiona naye yumo. Mimi nilikunja uso nikanyamaza, kwa kuwa furaha ilikuwa yake.

Halafu tukafika mahali ambapo mume anaaga jioni kwenda kazini. Mama akasita. Akavua miwani, akaiweka juu ya kitabu.

"Baba yenu kila jioni alisimama pale mlangoni na tochi yake," alisema. "Ananiambia, 'Lala, mimi niko macho.'"

Baba alikuwa mlinzi wa usiku. Hilo tulilijua. Ambalo hatukulijua ni kwamba hospitali, alipokuwa anakata roho, mama alimshika mkono akamrudishia maneno yake: lala, mimi niko macho. Hakuwahi kumwambia mtu. Nilisimamisha cherehani. Mbunifu alikuwa ameinama, nikadhani analia. Alikuwa anaandika kwenye simu.

Wiki chache baadaye nilikuwa napinda suruali ya shule redio ilipotoa mlio wa geti kufungwa, kisha sauti nzito ya mwanamume: "Lala. Sisi tuko macho." Likafuata jina la kampuni ya ulinzi. Na si kampuni nyingine yoyote, ni ile ile iliyomfukuza baba. Mwenzake wa zamu hakutokea, baba akaunganisha usiku na mchana na usiku tena, alfajiri akasinzia kwenye kiti. Msimamizi alimvua koti la kampuni palepale getini. Baba alirudi nyumbani na shati tu, kwenye baridi, sisi tukiwa tunajiandaa kwenda shule. Mbunifu alikuwepo. Yeye ndiye aliyemuuliza, "Baba, koti lako liko wapi?"

Mama alikuwa katikati ya ukurasa. Alifunga kitabu bila kuweka alama, akaondoka. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Juma zima nilishona kwenye kimya kile, nikaharibu kola mbili.

Jumamosi Mbunifu akaja, anang'aa, na miwani mpya ya mama ndani ya kiboksi.

"Dada, mbona umenuna?"

Nilimtolea uvivu. Nilimwambia amemuuza baba kwa watu waliomvua koti.

"Dada, hii ni kazi tu. Na mimi nimemuenzi mzee. Nchi nzima sasa inasema maneno yake."

"Maneno yake yalikuwa 'mimi niko macho.' Hao 'sisi' wametoka wapi?"

"Ilibidi nibadilishe kidogo. Kampuni ina watu wengi."

Alisema hivyo kwa uso mkavu, kama fundi anayeeleza kwa nini amepunguza mikono ya shati. Nilikuwa na mkasi mkononi. Nikauweka chini, maana sikujiamini.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Walipokupa hiyo kazi," alimuuliza, "uliwaambia wewe ni mtoto wa nani?"

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

"Wangeniona nina kisasi. Wangempa mtu mwingine."

"Kumbe ulikumbuka."

 Mtu mwenye maneno ya sabuni, magodoro na mageti alimnyooshea mama kile kiboksi. Mama akakifungua, akaitoa miwani, akaitia kwenye mfuko wa shati la Mbunifu taratibu, kama alivyokuwa akimtilia kalamu asubuhi za shule.

"Vaa wewe," alisema. "Kitabu kununua si ghali. Kwangu usije tena na simu."

Akamsindikiza hadi mlango wa nje, kwa sababu mama yangu hamfukuzi mtu. Mbunifu aliinama kuvaa viatu, macho mekundu. Na niseme ukweli, sikumhurumia hata chembe.

"Nenda salama, mwanangu," mama alimwambia. "Sisi tuko macho."

Alisukuma komeo, mchana kweupe, akalijaribu kama limekaza. Kisha akaja akakaa kwenye kigoda, akachukua kitabu na kuniuliza tulikuwa tumefika wapi.