Gari Lisilonyeshewa

Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wamekwisha kufika getini. Shemeji mtu alikumbatia boneti ya gari aina ya Austin la marehemu kaka yake, machozi yakimlengalenga.

"Kaka alilitunza kama mboni ya jicho, shemeji. Hata tone la mvua halikuligusa! Kumbukumbu hiyo unaiuza?"

Mjane alilitazama gari. Ni kweli halikunyeshewa. Siku uchungu wa kifungua mimba ulipomshika, mawingu yalitanda, na mumewe akakimbilia kulifunika turubai. Yeye akashika njia ya hospitali kwa miguu, akajifungulia kando ya ukuta wa shule, mvuani. Mtoto hakulia.

"Marehemu nilimsamehe, Mungu ni shahidi," alisema. "Gari ndilo lililonishinda."

Akaenda kufungua geti.