Mnara wa Kizimba cha Nne

Jumanne ya pili ya Novemba, saa kumi na robo jioni, Serah Nyaboke aliweka mpira wa manjano juu ya kigingi, akarudi nyuma hatua tatu na kumwambia Nishma apige. Nishma alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili mwenye tabia ya kufumba macho kila gongo lilipokaribia mpira. Siku hiyo hakuyafumba. Aliupiga katikati, ukapaa, na ulipofika kama mita tano kutoka sakafuni ukasimama hewani. Haukunaswa na wavu, kwa sababu mahali pale hapakuwa na wavu. Ulizunguka mara mbili tatu, kisha ukatulia.

Serah akamwambia kwamba kiwiko chake kilikuwa kimekaa vizuri, ajaribu tena. Akainama kuchukua mpira mwingine ndooni.

Somo lilipoisha mipira kumi na minne ilikuwa imebaki juu. Nishma alivua kofia ngumu, akaitazama mipira kidogo, akaenda kumngoja mama yake mlangoni. Serah aliandika katika daftari la vifaa kwamba mipira kumi na minne ya kizimba cha nne haikurudi chini.

Kituo kilikuwa ndani ya ghala la zamani huko Hayes, mahali ambapo ndege zinazotua Heathrow hupita chini kiasi cha kutikisa vijiko ndani ya vikombe. Palikuwa na vizimba sita vya nyavu, nyasi za plastiki, na bango mlangoni lililotangaza kwamba wakufunzi wenye uzoefu mkubwa walifundisha besiboli na softiboli kwa watu wa rika zote. Wakufunzi hao walikuwa wawili. Serah, aliyefundisha softiboli, alikuwa mdakaji wa timu moja ya Nairobi kwa miaka tisa, akichuchumaa nyuma ya mpigaji, na magoti yake yalikuwa yamezeeka kabla yake. Besiboli ilifundishwa na Kibet, mtu wa Iten, mpole, ambaye aliweza kumwambia mtoto kosa lake kwa kusikiliza tu mlio wa gongo. Kibet alikuwa amefariki wiki tatu kabla ya jioni hiyo, katika kizimba hicho hicho cha nne.

Ilikuwa asubuhi, wateja hawajafika. Wavu wa juu ulikuwa umeachia upande mmoja, na Eddie, meneja, akamwambia Kibet apande aufunge. Pale ghalani kulikuwa na mnara wa vyuma wenye magurudumu manne, ulioachwa na mafundi wa rangi. Gurudumu moja halikuwa na breki. Kibet alilisema jambo hilo mara mbili, Serah akisikia, na mara zote mbili Eddie alijibu kwamba hiyo ni kazi ya dakika tano. Kibet akapanda. Serah alishika chuma cha chini kwa mikono yote miwili, na mnara ulipoanza kuteleza aliuvuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akausikia ukimtoka mikononi.

Jioni ile ile mnara uliondolewa kwa gari la kukodi. Taarifa iliyoandikwa kesho yake ilisema kwamba kituo hakikuwa na mnara wa aina yoyote, na kwamba marehemu alikwea fremu ya wavu kwa hiari yake, bila ruhusa. Serah aliletewa ukurasa mmoja wa kuthibitisha hayo. Kibali chake cha kufanya kazi Uingereza kilitokana na kituo; kituo kikimwacha, angekuwa na siku sitini za kutafuta mwajiri mwingine au kufunga mizigo. Eddie hakumtisha. Alimkumbusha tu, kwa sauti ya upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kubeba mwavuli. Serah akatia sahihi.

Mipira iliendelea kukaa. Ya softiboli ilikaa, na ya besiboli pia, maana Serah sasa alifundisha wanafunzi wa Kibet pamoja na wake. Mingine ilipanda juu, mingine ilisimama kimo cha bega, mingine ya goti. Watoto walizoea kuipita kwa kuinamisha vichwa. Mzazi mmoja aliuliza kama ingekuwa bora mwanawe ahamishiwe kizimba cha pili, Eddie akasema hakuna shida, kisha mtoto mwenyewe akakataa kuhama kwa sababu kizimba cha nne hakikuwa na kazi ya kuokota mipira. Eddie aliagiza makasha mawili mapya. Alijaribu kuishusha ile ya zamani kwa mti wa ufagio, lakini haikusogea hata kidogo, akauacha ufagio ukutani na kurudi ofisini.

Kufikia mwisho wa mwezi, mtu yeyote aliyesimama pale aliweza kuona kilichokuwa kinajengwa. Kulikuwa na nguzo nne za mipira, nyeupe na manjano, zikipanda kutoka sakafuni. Kulikuwa na vipago vya ngazi upande mmoja, na juu kabisa mipira iliyopangana bapa, mahali pa mtu kusimama. Nguzo tatu zilikuwa wima. Ya nne ilikuwa imetoka nje kwa chini, na kwa sababu hiyo mnara mzima ulikuwa umeegemea upande wa mlango.

Kampuni ya bima ilimtuma mkaguzi. Alikuwa Bwana Kailash, mzee mwembamba kutoka Kingsbury, aliyezaliwa Nakuru na kuondoka huko kijana. Akasema na Serah kwa Kiswahili mara alipolisikia jina lake. Alizunguka kizimba akiwa na tepu ya kupimia. Alipima kila nguzo, akachora mchoro mdogo na kuandika vipimo pembeni. Kisha akapiga magoti kwa taabu mbele ya ile nguzo iliyotoka nje.

"Nimekagua majengo miaka thelathini na minne, mama," alisema. "Huu ni mnara wa mafundi, na gurudumu hili lilikuwa bovu. Wewe ulikuwapo hapa siku ile?"

Dirisha la ofisi lilikuwa juu ya vizimba, na Eddie alikuwa amesimama nyuma ya kioo akinywa kahawa.

"Mimi sikuona mnara," alisema Serah.

Bwana Kailash hakumbishia. Alikunja tepu yake. Ripoti yake ilifika baada ya siku mbili. Ilisema kwamba mipira ya kizimba cha nne si hatari kwa wateja, kwa kuwa haianguki. Kuhusu umbo la mipira hiyo hakuandika chochote, kwa sababu fomu haikuwa na nafasi ya kueleza kitu kinafanana na nini.

Makena alikuja Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Alikuwa mjane wa Kibet, mwanamke wa Meru aliyefanya kazi ya kuhudumia wazee Barking, upande wa pili wa jiji, na alikuwa amerudi siku nne tu kabla, baada ya kumzika mumewe Iten. Kutoka Barking alikuwa amebadilisha treni Whitechapel, akashuka Hayes na kutembea kwenye manyunyu bila kofia. Serah alimfahamu, Krismasi ya mwaka uliopita walipika pamoja nyumbani kwao. Eddie hakuwahi kumwona. Alikuwa ametuma kadi ya rambirambi tu.

Walisalimiana kwa kushikana mikono muda mrefu. Serah akampa pole, akauliza habari za msiba na za watoto. Makena alijibu kwamba walimzika vizuri, kwamba binti yao Tatiana alikuwa bado halali peke yake. Kisha akauliza ni wapi, na Serah akamwonyesha.

Makena aliuzunguka mnara polepole, jinsi mtu anavyozunguka chumba anachotaka kupanga. Aliweka kiganja juu ya mpira wa kimo cha kifua na kuusukuma. Haukusogea. Alifika kwenye nguzo ya nne, akaiangalia kutoka chini mpaka juu, akaitikia kwa kichwa kama aliyeambiwa jambo alilokuwa akilijua.

"Walituandikia kwamba alikwea fremu," alisema.

Serah aliitazama nguzo ya nne.

"Kibet alikuwa anaogopa kwenda juu. Nyumbani balbu nabadilisha mimi. Kengele ya moshi ikilia, anayepanda kiti ni mimi, yeye anashika kiti." Akamgeukia. "Niambie wewe, Serah. Wewe nitakuamini."

Serah alitupa jicho dirishani. Akaenda ukutani, akachagua gongo jepesi na kumletea Makena. Akamwomba alishike, asimame kando ya kigingi, miguu itengane. Makena alimkazia macho, kisha akaelewa, akalipokea. Kwa mtu anayetazama kutoka dirisha la juu, lilikuwa somo kama masomo mengine.

Hivyo ndivyo alivyomwambia. Alimsogeza vidole kwenye mpini huku akieleza juu ya wavu ulioachia. Alimnyoosha bega akieleza habari ya breki, na maneno ambayo Kibet alisema mara mbili, na jibu alilopewa. Aliweka mpira juu ya kigingi akieleza juu ya gari la kukodi. Alisema yote kwa sauti ile ile ya kufundishia, bila kuinua wala kushusha, na alipofika kwenye ukurasa aliotia sahihi hakuuruka.

"Kibet alisema kitu?" Makena aliuliza.

"Alisema, shika. Nikashika."

Ndege ilipita juu ya paa, ikawabidi wangoje.

"Haya uliyoniambia, utayaandika?"

"Siwezi, Mama Tatiana."

"Huwezi ama hutaki?"

Serah alirekebisha kigingi ambacho hakikuhitaji kurekebishwa. Alisema kwamba kibali chake kilitoka hapa, kwamba Kisii kulikuwa na watu sita waliokula kwa mikono yake, na kwamba hata akiandika, mnara wenyewe ulikuwa umekwisha kwenda. Alijisikia akiyasema hayo akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye mnara.

Makena alingoja kama kuna lingine. Akageuka na kuupiga mpira.

Alipiga vibaya, kwa hasira ya mikono tu, na mpira ulipita katikati ya nguzo za mipira ukagonga ukuta wa nyuma, ukaanguka na kubingirika sakafuni kama mpira mwingine wowote. Serah aliweka wa pili. Nao ukaanguka. Makena alipiga ndoo nzima, na hakuna hata mmoja uliobaki juu. Ilipoisha, alichukua ndoo akaenda kuiokota yote mwenyewe, akiinama chini ya mnara na kutoka, na Serah alipotaka kumsaidia alimzuia kwa kiganja.

Alirudisha ndoo mahali pake na gongo mahali pake. Akafunga koti.

"Nilikuwa nikimwonea wasiwasi na kazi za huku," alisema. "Alikuwa akiniambia, usijali, kazini yuko Serah."

Hakusema kwaheri. Alitembea mpaka mlangoni bila kugeuka, akasimama kidogo kuitazama mvua iliyokuwa imeanza kukaza, kisha akaingia ndani yake.

Serah alibaki akipanga kofia ngumu kwenye rafu kwa ukubwa wake. Zilikuwa zimekwisha kupangwa. Alifikiria kumkimbilia, alijua njia ya kwenda stesheni, na angemfikia kabla ya daraja. Alifikiria atakachomwambia akimfikia, hakukipata, akaendelea na kofia.

Eddie aliteremka na daftari la wageni, akamwuliza yule mama alitaka nini. Serah akasema alitaka kujaribu mchezo. Eddie akasema alionekana ana nguvu, akauliza kama angerudi. Serah akasema hadhani. Nje watoto wa besiboli wa saa nane walikuwa wakishuka kwenye magari ya wazazi wao, wakikimbilia mlango kwa sababu ya mvua.

Eddie alibonyeza kalamu. Kila aliyeshika gongo, hata mara moja, lazima aandikwe, alisema. Ni sharti la bima.

"Jina lake?"

"Anne-Marie," alisema Serah, jina la kwanza lililomjia, na Eddie akaliandika.