Mstari Uliobaki Wazi

Albamu ilikuwa imebakiza wimbo mmoja tu, na Elisée alikuwa ameshaanza kujisifu moyoni. Nyimbo tisa za roki ya taratibu, gitaa la umeme lisilopiga kelele, na zote zinahusu watu waliokaa kwenye ndoa hadi wakazoeana: nani anakoroma, nani husahau kufunga mlango, ugomvi unaofanywa kwa kunong'ona ili mtoto asiamke. Anayetaka nyimbo za kutongozana akazitafute kwingine.

Yeye na mkewe, Mbambu, walikuwa na utaratibu ambao wanamuziki wenzao waliuona ni wazimu mtupu. Elisée huandika maneno atakayoimba Mbambu. Mbambu huandika atakayoimba Elisée. Karatasi hutolewa maiki zikiwa tayari, na hakuna kubadilisha neno. Ndivyo Elisée alivyojikuta akiimba, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba ni mvivu na kwamba anamwogopa mama mkwe. Watu walicheka, naye akacheka.

Mchana huo Okeny, fundi wao wa kurekodi, alikuwa na haraka. Chumba chao cha kurekodia, mtaa wa Makindye, kiliezekwa kwa mabati, na mablanketi ya mitumba ya soko la Owino waliyotundika ukutani yalizuia mwangwi, si kelele za mvua. Wingu jeusi lilikuwa limetanda upande wa ziwa.

"Mzee, mvua iko nakuja," alisema. "Tunarekodi mara moja tu. Tukikosa, basi."

Mbambu akampa mumewe karatasi bila kumtazama. Elisée akaisoma.

*Mwaka ule Princesse alipoota meno*
*nilijaza fomu ya kwenda Kanada.*
*Penye mke nikaandika: hakuna.*
*Penye mtoto nikaandika: hakuna.*
*Sikwenda, kwa sababu*

Hapo maneno yalikoma. Mbambu, mtu asiyeacha hata nukta, alikuwa ameuacha mstari wa mwisho wazi.

Princesse, binti yao, sasa alikuwa sekondari. Miaka yote hiyo Elisée aliamini siri ile imekufa na kuoza.

"Mama Princesse," alisema polepole, "nani alikuambia?"

"Ile haiko ndani ya wimbo. Imba."

"Tuongee kwanza."

"Miaka kumi na tano nilikuwa nangoja tuongee, Baba Princesse. Leo utaimba."

Okeny akainama chini ya meza, akajifanya anatafuta waya ambao haukupotea. Maskini, angeweza angejificha kwenye spika. Alipoinuka aliwasha mashine na kunyoosha kidole: haya.

Elisée akaanza kupiga. Vidole vilijua kazi yao. Kichwa ndicho kilichokuwa kinahangaika. Jibu zuri alikuwa nalo, limekaa ulimini tayari: *kwa sababu yako*. Lingeingia kwenye tuni bila kusukumwa. Wasikilizaji wangefuta machozi, na mkewe pengine angelainika. Nani angejua?

Akaimba mstari wa kwanza, wa pili. Alipofika penye "mtoto: hakuna", hakuinua macho kwenye karatasi. Mbambu alikuwa amesimama kwenye maiki ya pili, hedifoni masikioni, anamwangalia usoni. Tone la kwanza likagonga bati. Okeny akafumba macho.

"Sikwenda," aliimba Elisée, "kwa sababu walinikataa." Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kuanguka, akaanguka mpaka chini. "Wangekubali, ningekwenda."

Hapo Mbambu alitakiwa aingie na kiitikio. Hakuingia. Elisée akazungusha gitaa upya, akamngoja. Akazungusha tena. Alikuwa na hofu kubwa ambayo hakuwahi kuionja, hata siku alipovuka mpaka kama mkimbizi, akiwa na viatu vya kuazima. Mara ya nne sauti ya mkewe ikaja, ya chini, imekatika katikati, lakini ikaendelea hadi mwisho. Okeny alipozima mashine, mvua ilimwagika.

Mbambu akavua hedifoni.

"Barua ya wale wa Kanada nilifungua kabla yako," alisema. "Nilisoma ya kwamba hauna mke, hauna mtoto, na ya kwamba wamekukataa, nikaibandika tena na bugali, nikaiweka kwa meza. Weye ukaisoma, ukaichoma, ukaniuliza chakula iko wapi." Akapumua. "Leo mufuko yangu ya nguo iko nyuma ya mulango. Kama ungeimba haukuenda kwa sababu yangu, ningeenda kwa dada yangu, kule Luzira, na mvua hii hii."

Elisée aliutazama mlango, akautazama tena uso wa mkewe. "Kwa hiyo umenisamehe?"

"Hapana. Nitafungua mufuko, nirudishe nguo ndani ya kabati. Njo hiyo tu."

Elisée akainama juu ya gitaa, akalia kwa sauti, na Mbambu hakumnyamazisha.