Jani la Jumapili

Daktari alikuwa ameshasema mzee arudishwe nyumbani, na kila mtu anajua maneno hayo yana maana gani. Basi Harish alilala chumbani kwake mtaani Ruring'u, pumzi zikimtoka kwa shida, na mkewe Anita alibakiwa na kazi moja tu: kumtia mumewe jani la mtulsi, mrehani mtakatifu wa Wahindu, mdomoni kabla hajakata roho. Anayeondoka bila jani hilo, mamake alimfundisha, ni msafiri asiye na chakula cha njiani. Baada ya miaka arobaini na tisa ya ndoa, hakuwa na kingine cha kumfungashia.

Mtulsi wenyewe ulikuwa kwenye ndoo kuukuu ya rangi, nje ya mlango wa jikoni, umebaki na majani manne. Baridi ya Julai ya Nyeri haijui mti mtakatifu. Lakini shida haikuwa baridi, ilikuwa Jumapili. Jumapili mtulsi hauchumwi, umepumzika. Jani lililoanguka lenyewe ndilo linaloruhusiwa. Angechuma jana akaweka, ila jana kutwa alihangaika na mgonjwa akasahau, na sasa alijichukia kwa kusahau huko.

Akatandaza leso chini ya mti, akachutama, akangoja. Upepo ule unaong'oa mabati ya watu, leo umelala fofofo!

"Mama, si utoe tu moja?" alisema Waithira, aliyewafanyia kazi miaka kumi na minane, na leo hakwenda kanisani kwa ajili yao. "Ati Mungu ako na shida gani na jani?"

"Nikichuma mimi, nitamtwika yeye dhambi njiani."

Waithira akaguna, akarudi kwa mgonjwa.

Anita alipoona hakuna linaloanguka, aliingia jikoni, kwenye rafu iliyo juu ya friji, penye picha ya Krishna, taa ya samli na kengele ndogo. Akavunja njiti tatu za kiberiti kabla taa haijashika. Akalia bila aibu. "Sikuombi apone," alisema. "Nakuomba jani moja tu lianguke." Akaomba mpaka magoti yakafa ganzi, kisha akatoka mbio.

Kwenye mti palikuwa na majani matatu. Kwenye leso, hakuna kitu.

Alimkuta Waithira ameketi kitandani, anamfumba mzee macho.

"Ameenda, Mama. Jani nimemwekea, na maji kidogo. Kama ni dhambi, Mungu aniandikie mimi. Mimi siko kwa dini yenu."

Anita alitaka kumshukuru, badala yake akasogea kitandani. Akashika mguu wa mumewe, bado una joto.

"Aliniita?"

Waithira akainamisha kichwa. "Aliita. Mara mbili. Nikamwambia ngoja kidogo, anakuombea."