Nukta Iliyoinuliwa

"Wanachama wote wa Kikundi cha Hisa wanaarifiwa kwamba chati ya bei imehamishwa kutoka chumba cha chai hadi mlango wa ghala la karatasi, kwa kuwa mvuke wa birika unaikunja."

Tangazo hilo liliandikwa na msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji, ambaye pia alikuwa katibu wa kikundi. Lilikuwa la kweli neno kwa neno. Asichokiandika ni kwamba mlangoni pale palikuwa na giza, na kwamba giza ndilo alilolihitaji.

Kanuni ya kikundi ilikuwa nyepesi. Kila Ijumaa katibu alitia kwenye chati nukta ya bei ya hisa za saruji, kisha akauendeleza kwa rula mstari wa wastani wa miezi kumi. Nukta ikiwa juu ya mstari, unatulia. Ikiwa chini, unauza siku hiyohiyo bila kudadisi sababu. Mara mbili ilishuka, wakauza, na wiki iliyofuata bei ikapanda. Tangu hapo opareta wa mashine, mwenyekiti wao, alimwita katibu Bwana Hofu.

Iliposhuka mara ya tatu, kwa unene wa ncha ya penseli tu, katibu, mtu aliyelipwa kuona makosa ya wengine, aliiinua kidogo ikawa juu ya mstari.

Mama Gundi, mjalidi wa vitabu tangu katibu hajaajiriwa, alikuja na kikombe chake kama kawaida. Ukungu ulikuwa umemtanda macho yote mawili, na fedha za upasuaji zilikuwa kwenye saruji.

"Mwanangu, iko juu au chini?"

"Juu, mama."

"Basi natulia. Nikishapasuliwa nitakuja kuona kama sura yako inafanana na sauti."

"Utajuta."

"Nimeolewa mara mbili. Kujuta nakujua."

Jumatatu yake chati ilihamishwa. Bei ilishuka wiki tisa mfululizo, gizani pale hakuna aliyeziona nukta wala katibu hakuzitaja, hadi hisa za Mama Gundi zikabaki na nusu ya thamani yake na daktari akampa nafasi yake mtu mwingine. Katibu aliandika ungamo, akalisahihisha mara mbili, akalisoma mbele ya kamati, pamoja na habari ya giza.

"Nukta moja?" aliuliza mwenyekiti. "Bwana Hofu, acha kujipa ukubwa. Soko ndilo limetumaliza."

"Ilikuwa chini. Niliiona."

Mama Gundi aligeuza uso kuifuata sauti, akakosea kidogo, akawa anakitazama kiti kitupu.

"Ungeniambia hivyo, ningeuza. Sikukuuliza soko linakwenda wapi, mwanangu. Nilikuuliza unaona nini."

Kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuandika kumbukumbu, ni katibu aliyeandika, kwa mwandiko usio na doa:

"Kamati imeazimia kwamba kuanzia Ijumaa ijayo nukta zitiwe kwa wino, na chati irudishwe chumba cha chai, mbali na birika. Katibu ataendelea na wadhifa wake."