Safari za Diski kwa Papa Tharcisse

Papa Tharcisse alikuwa amekwisha kumwita Eugène fundi aje kuchukua ordinatere, kompyuta yetu ya kazi, aiuze vipande-vipande. Kwake diski ilikuwa inakufa: taa yake haikupumzika, na kufungua ukurasa mmoja kulichukua muda wa kunyonyesha mtoto. Mimi ndiye mwandishi wake, wa kuchapa barua za watu, hapa mtaani Bigo. Bila ordinatere hakuna kazi, na bosi mwingine anayekubali mwandishi aje na mtoto mgongoni sijamwona Bunia nzima.

"Papa, nipatie nafasi mbele ya Eugène kufika. Kuko kitu walitufundisha ku masomo ya saa ya mangaribi."

"Fanya tu, Mama Divine. Lakini kama inakufa, inakufa."

Nikafungua dirisha jeusi, lile lisilo na picha, ambamo mtu anaandika amri tu. Memware, yaani kumbukumbu ya ordinatere, ni kama meza; diski ni depo, ghala la nyuma. Programu ikitafuta ukurasa isiukute tayari, hiyo ni foti, yaani kosa, ya ukurasa. Foti ndogo haisumbui, maana ukurasa uko mezani, unaonyeshwa tu. Kubwa ndiyo inayotuma mbio mpaka depo. Nikaandika sar -B 2, mistari ikaanza kushuka mmoja mmoja. Chini ya majflt, safu ya foti kubwa, yalikuwa mamia.

Nilishuku internet. Nikaifunga. Mamia yakabaki mamia. Divine akaanza kulia mgongoni, nami karibu nimfuate.

Katika dirisha la pili nikajaribu ps -eo maj_flt,comm, kila programu ijitaje na foti zake. Ile ya kuandikia barua ilizipita zote, mbali sana. Nikaenda kuitazama: kazi za watu zimefunguliwa zote, moja juu ya nyingine.

"Papa, nani alifungua hizi zote?"

"Ni miye. Kila asubui, grupe ya umeme ikiwaka tu. Mama Joséphine anatoka Nyankunde leo. Barabara iko wazi, lakini unajua barabara yetu. Afike, siye tuanze kutafuta barua yake? Apana. Wakati ya vita mutu alikuwa anaingia, anakamata karatasi yake, anakimbia. Tangu pale nafunguliaka kila mutu kazi yake mbele."

"Hata wa mwezi uliopita?"

"Wanaweza rudia."

Nikashindwa kujizuia kucheka. "Papa, meza yetu ni kidogo. Umetandikia wageni wote, hata wenye walishaenda kwao. Diski inakosa usingizi juu ya kubadilisha sahani."

Hakucheka. "Na Mama Joséphine atajua namna gani kama nilimuwaza?"

"Ya kwake inabaki wazi. Tulaze za wengine."

Tukazifunga pamoja. Kwa kila moja alitaja jina la mwenyewe polepole, kama anamsindikiza mlangoni. Safu ikashuka kwenye makumi, kisha sifuri, sifuri tena. Taa ya diski ikatulia. Divine naye alikuwa amelala.

Eugène akaingia na kartoni kubwa. "Iko wapi ile maiti?"

"Sauti chini, mutoto amelala," Papa Tharcisse akamjibu. "Maiti imefufuka. Kunywa chai, lakini kartoni utuachie."

Papa akavua koti lake, akalitandika ndani ya kartoni, akaisukuma kando ya kiti changu.

"Mulaze hapa," akaniambia. "Mugongo yako itachoka, na kazi iko."